Chachu ya Ganako

Ganako, Karatu
9 Aprili 1978

Mwanangu Thomasi,

Marahaba, maana najua umeniamkia huko uliko hata kama sijasikia. Hujambo? Kile kifua chako cha utotoni kimetulia? Huku mimi ni mzima, mbuzi wamezaa, ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro kila asubuhi kama kawaida yake, na kaburi la baba yako nimelipalilia.

Utashangaa mwandiko. Ni wangu mwenyewe. Nimehitimu kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema mbele ya wote kwamba herufi zangu zinasimama kama askari. Za jirani yetu Mama Paskalina bado zinalala. Usimwambie nimesema.

Tangu mpaka wa Kenya ufungwe mwaka jana sikuwa na njia ya kukufikia. Sasa nimempata mzee Lomayani wa Loliondo, yule anayeleta ng'ombe mnadani hapa Karatu. Anavuka kwenda Narok kwa njia zao za mifugo, na huko ana ndugu wanaofika Nairobi. Barua hii ameifunga kwenye pindo la shuka lake.

Inosenti amefungua baa pale barabarani. Ana makreti ya bia, friji ya mafuta ya taa na redio. Watu walikwenda kuangalia. Walipomaliza kuangalia wakarudi kwangu, kwenye pombe ya mtama. Jumapili walikuja mpaka watu wa Endamarariek, wakasema pombe ni ya Mama Thomasi, nyingine ni maji yenye jina. Mimi nikawamiminia tu.

Uliondoka ukisema unakwenda kutafuta kazi, urudi. Kazi nasikia umepata. Sasa hiyo nusu nyingine ya maneno yako naingoja.

Mama yako

Nairobi
20 Novemba 1978

Mama mpenzi, shikamoo.

Mimi sijambo, kifua kimepona. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nafanya kazi kwenye kampuni kubwa ya bia. Napakia makreti. Ungeona chupa zinavyopita, Mama, zimejipanga kama watoto wa shule, na zote ladha moja kuanzia Januari hadi Desemba. Kila Ijumaa tunapewa za kwenda nazo nyumbani.

Kuna jambo nimechelewa kukuambia. Nimeoa. Anaitwa Nareyu, Mmaasai wa Narok, mtoto wa dada yake mzee Lomayani. Nadhani mzee alikuficha makusudi ili nikuambie mwenyewe. Nareyu ni mjamzito.

Najua kwetu mtoto hatolewi nje mpaka baba yake ashike pombe mkononi na kumwombea. Maneno ya marehemu baba nayakumbuka. Pombe nitatumia ya kampuni, ipo tele. Nakutumia chupa moja uonje usije ukasema nimemwombea mtoto kwa kitu kibaya.

Mwanao,
Thomasi

Ganako
15 Januari 1979

Thomasi mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na mkwe wangu pia, na huyo aliyejificha tumboni. Sisi wazima, ila vijana wengi wa hapa wamekwenda vitani Uganda na mama zao hawalali.

Kuhusu kuoa: nilifurahi, nikakasirika kwa kuchelewa kuambiwa, nikafurahi tena. Lomayani nimemgombeza. Alicheka mpaka akashika fimbo yake.

Chupa ilifika nzima. Mama Paskalina aliifungua kwa meno, maana yangu ya mbele unayajua. Tukanywa. Si mbaya. Inachoma puani, halafu inaondoka, hukumbuki ulikunywa nini. Mama Paskalina akauliza, "Unga wake wameuweka wapi?" Nikamwambia labda unakuja na chupa nyingine.

Lakini sikiliza. Ile aliipika nani? Hujui, na yeye hajui kama wewe una mtoto. Pombe ya kumwombea mtoto inapikwa na mtu anayemngoja. Kwa hiyo Lomayani anakuletea buyu langu la kuchachishia. Ndani limegandiwa na chachu tangu enzi za bibi yako mzaa baba. Pika uji wa mtama, uache upoe kabisa, tia kimea nilichofunga kwenye kitambaa, mimina ndani ya buyu. Kesho yake litaanza kunong'ona lenyewe. Ningekuja kukupikia, ila mimi si Mmaasai, mpakani wataniuliza ng'ombe wangu wako wapi.

Ukimwombea, taja na jina langu.

Mama yako

Nairobi
3 Juni 1979

Mama, shikamoo.

Amezaliwa wa kike. Anaitwa Nosim. Ana paji la uso lako, na anapolia hataki kukatizwa, hilo nalo ni lako.

Mama, buyu limeharibika. Nareyu alilifungua, akaona ndani kumeganda uchafu. Kwao buyu la maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, linasuguliwa mpaka linukie moshi. Aliamka alfajiri akalifanyia hivyo kwa heshima yako, asije mama mkwe akasikia buyu lake linakaa chafu. Mimi sikujua. Nilipika uji, nikamimina, nikaweka sikio. Kimya. Tulingoja mpaka wageni wakafika, nao ulikuwa bado uji.

Nikatoa kreti. Nilishika chupa nikasema maneno ya baba. Wenzangu wa kazini walicheka, mmoja akasema, "Thomasi anahutubia chupa." Nikayakatisha katikati, hata jina lako sikulifikia.

Nareyu analia tangu siku ile. Anasema amewachomea wazee chachu yao. Kazini wanataka kunihamishia Mombasa, kwenye bohari. Nadhani nitakwenda.

Mwanao,
Thomasi

Ganako
30 Septemba 1979

Thomasi, na wewe Nareyu mwanangu, usomewe na wewe,

Hamjambo nyote? Nosim ameota meno? Mimi mzima. Mahindi ya mwaka huu yamenipita urefu, watu wanasimama njiani kuyatazama.

Habari ya buyu nilipoisoma nilikasirika. Nilikwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kisha nikamsimulia Mama Paskalina, na nilipofika pale pa kijinga cha moto tukaangua kicheko, tukakaa chini. Nareyu, mama gani atamchukia mkwe anayeamka alfajiri kumsafishia chombo? Wengine hapa wakwe zao hawaoshi hata vikombe.

Tena hamkuchoma kitu cha mwisho. Mama Paskalina alianza kupika kwa chachu aliyoichukua kwangu. Dada yake aliyeolewa Endamarariek alichukua kwake. Nimekwenda kwa Mama Paskalina na buyu jipya, nikamwambia nirudishie kidogo. Hakusubiri hata nimalize kusema. Hapa hakuna mwenye ufunguo wa pombe. Kila nyumba ni kiwanda, na viwanda vyote ni wajukuu zangu.

Buyu jipya hili hapa, analo Lomayani. Mwombee mtoto upya. Mombasa ni mbali mno, Thomasi. Kutoka Mombasa mtu anarudi nyumbani kwa njia ipi?

Mama yako

Ganako
11 Julai 1981

Thomasi,

Sijui nikusalimie asubuhi au jioni, maana barua hii sina wa kumpa. Mwaka jana Lomayani alirudi na buyu mkononi na barua yangu haijafunguliwa. Chumba chenu ndugu zake walikikuta na watu wengine. Narok nao hawajui zaidi ya kwamba mko pwani.

Huku sukari hakuna, sabuni hakuna, na makreti ya Inosenti ni matupu. Siku hizi anakuja kunywa kwangu, anakaa nyuma ya ghala asionekane. Namwambia kaa mbele, baba, hapa hatuulizi mtu alikotoka.

Kila nikipika nachota ya kwanza naiweka pembeni, kwa ajili yako. Jioni nampa mpita njia yeyote. Wamezoea, wanaiita ya Thomasi. Wengine hawakujui, wanadhani ni jina la pombe.

Mama yako

Nairobi
12 Agosti 1983

Mama, shikamoo.

Nisamehe. Sina ugonjwa wala jela ya kusingizia. Nilikuwa na aibu, na aibu ikikaa inazidi. Tumerudi Nairobi. Nareyu ameninyima chai mpaka nikashika karatasi. Barua hii inakwenda Narok kwa mama yake, ifike kwa mzee Lomayani.

Kuna habari. Inasemekana mpaka utafunguliwa. Wakubwa wangu wanataka kuuza bia upande wa kwetu, na wanatafuta mwenyeji. Wamenitaja mimi kuwa wakala wao Karatu. Nitapewa lori na baa yenye rangi za kampuni. Nitarudi nyumbani, Mama, lakini nitarudi kukuharibia kilabu chako. Nikikataa, hapa hawataniweka tena. Nifanyeje?

Mwanao,
Thomasi

Ganako
2 Oktoba 1983

Thomasi mwanangu wa pekee,

Marahaba, marahaba, na zile zote za miaka iliyopita, marahaba. Nilipoona mwandiko wako nilikaa kwenye kinu. Mama Paskalina akadhani nimefiwa.

Unasema utaniharibia kilabu. Nani amekudanganya? Inosenti alikuja na friji, akaishia kuwa mteja. Njoo na lori lako, liegeshe mbele ya mlango wangu, ulipige rangi utakayo. Tutaona Jumapili watu wanakaa upande gani. Nikikushinda usinililie.

Hao wakubwa nawauliza jambo moja tu. Siku chupa zao zikikatika, nani atakwenda kwa jirani kuomba kidogo aanze upya?

Nimemaliza kujisifu. Sasa hili naliandika polepole, na wewe ulisome polepole. Ukija kama mtu wa kampuni nitakupokea. Ukija bila kazi, nitakupokea. Siku hizi nikitunga uzi kwenye sindano sioni tundu, namwita mtoto wa Mama Paskalina. Nataka nikuone uso wakati bado nauona.

Sitaandika tena. Si hasira. Habari zetu zote ziko hapa Ganako, anayezitaka azifuate.

Mama yako

Arusha, kituo cha mabasi
25 Novemba 1983

Mama, shikamoo.

Wakubwa nimewaambia hapana. Wakaniuliza nimepata kazi gani bora kuliko yao, nikasema nakwenda kumpasulia mama yangu kuni, kuna pombe ya kupika. Walidhani natania.

Tumepita Namanga juzi, mpaka uko wazi. Nareyu amekaa juu ya mizigo, hataki mtu aiguse. Nosim anaulizia kila mlima kama ndio wa bibi. Basi la kesho likipata mafuta tutafika Mto wa Mbu, halafu tutapanda na chochote kinachopanda.

Nadhani tutafika kabla ya barua hii. Ikija, usihangaike na macho. Niite, nitakuwa uani, nije nikusomee.

Mwanao,
Thomasi