Kila Bakari Alipopiga, Mama Alikuwa Amelala

Johannesburg, Jumatano

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, maana najua tangu msiba hujakaa. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, na watoto? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa kumnyanyua mzee, na hilo ni la kila siku.

Aliyekukabidhi barua hii ni Bakari mwenyewe, kwa hiyo ujue tangu sasa kwamba anajua. Hutamlaza mama tena.

Siku mama alipofariki ulinipigia ukaniambia, "Rajabu, mdogo wako yuko barabarani na lori. Usimwambie mpaka afike. Dereva haambiwi msiba akiwa kwenye usukani." Ulikuwa sahihi, na mama mwenyewe angesema hivyo hivyo. Bakari akafika kutoka Lubumbashi. Nikampikia wali, akala, na sikumwambia. Akaenda safari nyingine, akarudi, sikumwambia. Kila alipopiga simu nyumbani wewe ukawa unamjibu mama amelala, mama yuko bafuni, mama ameenda kwenye maulidi. Mara ya mwisho ulinifokea kwamba umechoka kumlaza mama. Ulikuwa na haki.

Unajua Bakari aliniambia nini? "Kaka, mama siku hizi analala kama mtoto mchanga. Bora, kachoka maisha yake yote." Nikaitikia.

Nitakwambia kwa nini nilinyamaza, na usinitafutie sababu nzuri zaidi ya hii. Si kwamba niliogopa ataacha kazi. Nilipenda kukaa na mtu mmoja ambaye kwake mama alikuwa bado yu hai. Bakari akisema "mama anapenda hiki, mama ataniuliza kile," na mimi nilikuwa naye hai kwa muda ule. Mimi nilikuwa sijalia bado, dada. Nilijificha nyuma ya mdogo wangu.

Sasa nikueleze habari za mzee ninayemtunza huko Midrand, maana ndiye aliyenisema. Nilikwambia tu kwamba alikuwa mwanajeshi. Alikuwa kamanda wa nyambizi, zile meli za vita zinazokwenda chini ya maji. Alitoka shamba, mbali kabisa na bahari, akaingia jeshini akiwa bado hajaota ndevu, akaanzia kusugua sakafu mpaka akakabidhiwa nyambizi yake. Akapigana vita vya serikali yao ya zamani, vita ambavyo sisi tulikuwa upande wa pili. Walikuwa wakinyemelea pwani za nchi za watu na kushusha askari. Baba angekuwa hai angeniuliza ninamwoshaje miguu mtu huyu. Namwosha.

Nyumbani kwake viatu vinabaki nje. Mwanzo nilidhani anaheshimu dini yangu. Kumbe nyambizi ikiwa inatafutwa na meli za adui, wote humo ndani walitembea kwa soksi, na mpishi haruhusiwi hata kuangusha kijiko, kwa sababu maji husafirisha sauti. Mpaka leo ukibamiza mlango anatazama juu kwenye dari.

Wiki iliyopita nilikuwa namnyoa. Nikamwambia nina rafiki anayemficha msiba ndugu yake, dereva wa lori. Akasema, "Huyo rafiki yako mkono unamtetemeka. Karibu anikate sikio."

Nikausuuza wembe. Akaniambia ya kwake. Vitani, wakiwa mbali baharini, ilikuja habari kwa redio kwamba mke wa mpishi wake amefariki. Sheria yao ilikuwa habari ya msiba aijue kamanda, na mwenyewe asiambiwe mpaka warudi, kwa sababu hakuna pa kushukia, na mwenye kilio humo ndani anaweza kuwaponza wote. Kwa hiyo kila alfajiri mpishi alimletea kahawa, anamsimulia jinsi mkewe anavyomgombeza, na kamanda anakunywa na kucheka naye.

"Hilo silijutii," akasema. "Ninalojutia ni la gatini. Tulishafunga meli. Ningemwita chumbani kwangu. Nikamwacha anyoe ndevu, avae sare safi, ashuke na zawadi yake. Nikajiambia kasisi atakuja. Nikasimama juu nikimwangalia anamtafuta mkewe kati ya wake za wenzake, na wale wanawake wanamkwepa macho."

Nikampangusa povu shingoni. Akaniuliza, "Lori la rafiki yako limeshafika?"

"Limefika mara mbili."

"Basi huko si baharini tena, Rajabu."

Nikaamua nitamwambia Bakari Jumamosi. Nilitaka niwakusanye kwanza watu wa Tanga waliopo hapa, aambiwe akiwa ameshikwa na watu, kama inavyotakiwa. Nikawapa habari. Lakini Jumamosi Bakari akanitangulia, akaja kunichukua twende Fordsburg akamnunulie mama shali. Nilisema nitamwambia njiani. Nikasema nitamwambia tukifika. Tukafika, akatandika shali mbili juu ya meza ya duka.

"Chagua wewe, kaka. Macho yangu ya udereva yanajua nyekundu na kijani za roboti tu." Roboti ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani.

Nikasema, "Kijani."

"Eish, kijani tena? Mama ana kijani nyumba nzima, utadhani ni msikiti." Akaichukua hiyo hiyo, anacheka.

Tulipotoka tukakutana na Mzee Shabani, muuza viungo, mmoja wa niliowapa habari. Yeye alidhani nimeshasema. Akamshika Bakari mikono yote miwili. "Poleni, mwanangu. Mungu awape subira."

Bakari akacheka. "Pole ya nini, mzee? Ya lori?"

Mzee Shabani akamwachia mikono. Akaniangalia mimi. Ndipo Bakari naye akaniangalia.

"Lini?" akauliza.

"Ulipokuwa unarudi kutoka Lubumbashi. Ile safari ya kwanza."

Akautazama mfuko. Akasema, "Na umenichagulia rangi."

Hakusema neno jingine mpaka jana. Jana aliniambia amepata basi. Nikamwuliza kama atanibebea barua. Akasema, "Nipe. Usiifunge." Kwa hiyo sijaifunga.

Dada, shali iko kwenye begi lake. Msiigawe pamoja na nguo za mama mpaka aseme mwenyewe. Mpeleke kaburini wewe, na umwache akae anavyotaka. Nisalimie shangazi aliyemwosha mama, mwambie namwombea. Nisalimie baba mdogo aliyeshika jeneza mahali pangu, na yule jirani yetu aliyekuwa akimpigia mama bomba la maji.

Na wewe Bakari, ikiwa unaisoma hii ndani ya basi, sikuombi unisamehe kabla hujafika. Fika kwanza. Ukimaliza kumwombea mama, nipigie. Nitapokea, hata nikiwa namnyoa mzee.

Mimi ndugu yenu,
Rajabu