Lutuku Mikononi

Jumatatu, 7 Machi 1994
Bomba kavu tena. Alkoli ya mikono ilikwisha Noeli, sabuni pia. Mama tuliyemzalisha wiki iliyopita amekufa kwa homa. Ni mikono yetu. Hakuna anayesema, wote tunajua.
Baada ya kazi nimekwenda kwa jirani anayepika lutuku, pombe ya mahindi. Nikaomba ile ya kwanza kutoka, kali, inayoshika moto. Alicheka sana: mlokole kwake! Nimeichukua.

Jumatano, 9 Machi
Inachoma. Mimi na Béa, mkunga mwenzangu, tunajipaka kabla ya kila mama. Tunanuka kama walevi. Kwenye mazoezi ya kwaya watu wametukwepa.

Jumamosi, 12 Machi
Pasta ametuita sote wawili. Nilieleza habari ya homa. Hakutaka kusikia. "Mama Sifa, lutuku ni lutuku tu. Muiache, ao mutoke mu chorale."
Béa alilia, akaahidi kuacha. Mimi sikuahidi kitu. Nina hasira. Mshahara hauji, wenzetu wengi wameondoka na treni. Kuimba kwenye kwaya ndiko kulikobaki kunifurahisha.
Na Mado wangu yuko karibu kuzaa. Kwetu mama haingii binti yake anapozaa. Atakayemzalisha ni Béa.

Jumanne, 15 Machi
Uchungu ulimshika Mado asubuhi. Béa alikuja amenawa maji ya mtoni, basi. Nikamziba mlango, chupa mkononi.
"Lete mikono."
"Yaya, dada yangu, pasta atayua."
"Ayue. Lete."
Ndani Mado akapiga kelele. Béa akageuza uso, akanyoosha mikono. Nikaimiminia hadi viwiko. Nilimchukia, nikamwonea huruma, vyote pamoja.
Mtoto wa kiume.

Jumatano, 16 Machi
Harufu imetufichua. Tumetolewa kwenye kwaya. Sote wawili. Béa hasemi nami.

Jumapili, 20 Machi
Zamu. Mado bado yuko kitandani hapa, maana ile homa ya uzazi huchelewa kuonekana. Sijalala vizuri tangu azae. Nyimbo za kanisani zinasikika hadi hapa maternité, kwenye wodi ya wazazi. Inauma kuzisikiliza kutoka huku. Sijutii.
Béa ameingia bila salamu. Akachukua chupa mwenyewe, akajipaka, akasubiri mikono ikauke. Kisha akaweka kiganja kwenye paji la Mado.
"Iko baridi, yaya."
Nikajipaka, nikagusa na mimi. Kweli, baridi.