Ukoko Kwenye Kioo cha Samaki

Jadida, Jumatano, Mfungo Nne

Na wa nne naye kafa. Samaki wa mtoni niliowatoa Bombay kabaki mmoja tu, na mimi ndiye niliyejigamba mtaa mzima kuwa hakuna bandari nisiyoijua.

Maji ya kioo chao yakipungua kwa joto niliongeza ya kisima, ya zamani sikumwaga hata kikombe. Kumbe maji hukauka, chokaa na chumvi hubaki. Kioo kikaota ukoko mweupe, nami nikausugua tu kipendeze.

Bi Time, jirani yangu mfua nguo, alinionya: "Maji haya magumu, sabuni haitoi povu, birika linaota magamba. Samaki wako wana matumbo ya chuma?"

Nikamcheka. "Bi Time, wewe Bombay umefika?"

Leo hakunicheka. Kaniletea mtungi wa maji ya mvua. "Badilisha kidogo kidogo, usimshtue."

Dada yangu Salma hainuki kitandani tangu Mfungo Mosi, kazi yake kuwatazama hao samaki. Kauliza wengine wako wapi. Nikasema wamelala nyuma ya jiwe.

"Kaka," akasema, "huyu akifa, niambie kweli."

Nikachota kikombe cha kwanza mtungini mwa Bi Time.