Dari ya Mururu

Kamembe, Alhamisi

Mudogo wangu Nyirabahire,

Amani ikufikie huko Muganza, wewe na shemeji na batoto. Kifua cha shemeji kinaendeleaje na vumbi lile la machimbo? Mpunga mumeshavuna? Mimi niko muzima. Magoti tu ndiyo yanabishana nami, na unajua muntu akibishana nami nani hushinda.

Nakuandikia kwa mukono wangu kwa sababu kwenye simu ningeona aibu nikakata. Tangu Jumanne fundi wangu Valens amefungwa pale polisi juu ya simenti ya nyumba yako ya Mururu. Jumatatu watamupeleka mahakamani. Soma yote, usiishie katikati ukaanza kulia.

Kazi yangu unaijua. Mwaka ule wa tetemeko kuta za wengine zilianguka, zangu zikabaki zimesimama zikiziangalia. Na siku hizi nimeongeza elimu. Mujukuu wangu Mukundwa aliniwekea kwenye simu ukurasa unaoleta mambo ya ajabu kila asubuhi: muchwa wanaolima uyoga, asali isiyooza, kwa nini kitunguu kinaliza muntu. Wakati wa chai nilikuwa nawaeleza bafundi. Balikuwa bananiita Profesa, nami sikukataa.

Sasa dari. Wiki tatu baada ya kumimina beto, ile zege ya dari, niliamuru miti iliyoishikilia itolewe. Valens alipanda juu, akaikwaruza kwa ukucha, akaniambia Mzee, hii bado inatoka kama unga, tungoje. Nikamwambia kama anaogopa akashone nguo. Mukewe Uwimbabazi alikuwa ndani ya chumba kile, ametuletea maji. Valens akamufukuza kwa makelele, akasema toka, toka hata beseni liache. Muti wa nne ulipotoka, dari yote ilishuka juu ya beseni lile. Lilikuwa la bati. Sasa ni jembamba kama sahani.

Vumbi lilipotulia, bafundi bote balikuwa bananiangalia mimi. Ndipo mudomo wangu ukasema wenyewe: simenti imeibwa, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Valens. Jioni nikakupigia, nikakuambia vile vile. Ukaniamini, ukaenda kushitaki. Nani mwingine ungemwamini kama si kaka yako?

Nyirabahire, simenti haikuibwa. Mifuko niliihesabu mimi mwenyewe siku ya kumimina, yote ilikuwapo. Nilipokuwa nasema Valens ni mwizi nilikuwa najua.

Na dari niliiua mimi. Siku moja kwenye ule ukurasa ilikuja picha, mukono unamimina sukari juu ya simenti, na pembeni gorofa imesimama vizuri. Nikawaambia bafundi hiyo ni siri ya wazungu. Valens akaniambia leta nikusomee, Mzee, maandishi ni madogo. Nikamujibu nilishika kitabu yeye angali mugongoni kwa mama yake. Akasema sawa Profesa, kukishika ulikishika, lakini ulikifungua? Bafundi balicheka mpaka chai ikamwagika. Basi siku ya kumimina nilifika wa kwanza, nikatia sukari ndani ya pipa la maji, kilo kwa kilo. Nilitaka dari yako iishinde hata ya kanisa, halafu nimuonyeshe.

Jana nikampa Mukundwa simu, nikamwambia soma pale kwenye sukari. Imeandikwa kwamba sukari inaikataza simenti kushika. Hata kidogo inaichelewesha. Wanaoitia makusudi ni wale wanaotaka beto isikauke njiani. Mutoto akaniuliza, babu, si ulituambia umeisoma?

Sikuisoma. Hakuna hata moja niliyosoma; nilikuwa naangalia picha tu, mengine naongeza mwenyewe. Herufi nazijua mojamoja kama bantu ba mutaa wangu, zikijaa pamoja kama sokoni nazipoteza. Hii barua nimeianza jana asubuhi, na bado.

Leo asubuhi nimekwenda polisi, nikawaambia Valens hana kosa. Wakaniambia, Mzee, aliyeshitaki ni dada yako, yeye ndiye aje. Nikarudi bila kusema neno sukari. Basi kuja wewe, kabla ya Jumatatu, na barua hii uwape. Dari iliyoanguka nitaivunjavunja kwa nyundo yangu, nitamimina nyingine, na Valens akikubali, yeye ndiye atakuwa mukubwa wa kazi, mimi nitabeba muchanga.

Uwimbabazi anapita mulangoni kwangu kila siku na chakula cha mume wake. Bado ananisalimia. Kesho asubuhi anapanda gari kuja kwako kukuombea msamaha wa wizi ambao haukuwapo, na nimemuomba akuletee barua hii. Bahasha sikuifunga. Yeye anajua kusoma, na njia ni ndefu.

Nisalimie shemeji, umubusu mudogo wa mwisho, na musikose kuniombea dua.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria Ntawukuriryayo, fundi