Mbwa Aliyepita Kando ya Zizi

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku Bweri hatujambo, ila babu yako na goti lake. Dagaa wamerudi kwa wingi ufukweni Mwigobero. Wewe huko Dodoma unakula?

Umeniuliza kama kumlilia mama yako kutaisha. Mimi niliyemzaa, bado sijui. Ila nikwambie habari za mbwa wetu wa kule kijijini Mugeta, nilikokulia.

Baba yangu alipofariki nilikuwa binti wa umri wako. Tulimzika kando ya zizi, kama desturi yetu. Babu yangu, baba yake marehemu, alikuwa haoni, na marehemu ndiye alikuwaga anamshika mkono kwenda kisimani. Basi nikaanza kumfundisha mbwa kazi hiyo. Kila asubuhi nilimfunga kamba, tukifika kisimani nampa dagaa. Tangu mazishi nilikuwa siongei na mtu, lakini mbwa hafundishwi kwa kunyamaza. "Twende. Simama. Haya, vizuri." Sauti yangu ikaanza kurudi.

Siku babu aliposhika kamba, mbwa akampeleka moja kwa moja kaburini, akaketi. Nilikuwa nimesahau kwamba kila asubuhi mimi nilipitia pale kwanza. Nikakimbia kumvuta.

Babu akapapasa udongo. "Mwache," akasema. "Tangu tumzike sijapata wa kunileta hapa. Nilikuwa naona haya kuomba."

Tukakaa wote watatu. Kisha mbwa akainuka mwenyewe, akatupeleka kisimani.

Ukija likizo, nishike mkono twende kwa mama yako. Mimi pia naona haya kuomba.

Bibi yako