Pua Yangu na Mbuzi wa Mamako

Changamwe,
11 Machi 1989

Kwa mume wangu Ishaka,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kukaa muda huu wote bila kukuandikia. Najua umengoja barua tangu mvua za vuli. Kila nikishika kalamu nilikuwa sijui nianzie wapi, karatasi inabaki pale pale mezani mpaka Shangazi anaifungia bizari. Leo nimeamua kuanza hivyo hivyo.

Natumai u mzima na kazi inakwenda, na jua la huko Maskati halikuonei. Rehema ni mzima, amerefuka, meno ya mbele yote yamejaa. Mamako ni mzima, mguu tu ndio unamsumbua asubuhi. Mimi nipo.

Umeona nimeandika Changamwe hapo juu. Niko kwa shangazi yangu Mwanatabu, huku upande wa Port Reitz. Mtoto yuko Mtongwe kwa mamako. Usidhani tumegombana. Hatukugombana, na labda ingekuwa heri tungegombana.

Walikuja wanawake wa hospitali wakizunguka Likoni mpaka kwetu Mtongwe, nyumba hadi nyumba kwa ajili ya utafiti. Mmoja anaitwa Agneta, mtu wa bara, lakini adabu anayo. Alimpa mamako shikamoo mpaka akatolewa kiti kile cha wageni. Alieleza kwamba hospitali walimpata mchungaji mwenye funza puani, ametiwa na inzi wa kondoo, ndipo madaktari wakataka kujua watu wanaokaa na wanyama wana pua za namna gani na wanajua nini. Akauliza mbuzi hulala wapi, maziwa tunayachemsha au tunayanywa vivi hivi, na ni maradhi gani tunayoyajua yanayotoka kwa mnyama kuja kwa mtu. Mamako akamjibu kwamba yeye kazaliwa na mbuzi nyumbani na kazaa na mbuzi nyumbani, na hajaona mbuzi aliyemtia mtu kikohozi. Agneta akaandika. Mamako akamuuliza, kwani yapo? Agneta akasema hana ruhusa ya kujibu mpaka nyumba zote ziishe kuulizwa, maana akijibu kwetu, jirani atalisema jibu letu badala ya lake.

Kule kutojibu ndiko kulikomtia mamako hofu. Alisema serikali haiji kuulizia kitu ambacho hakipo. Agneta alipokuwa akinimulika pua kwa tochi, mamako alikuwa amesimama nyuma yake, na aliposikia naandikiwa kadi ya kwenda hospitali akasema, "Ndiyo hiyo. Pua yake ni mbuzi." Siku ile ile mbuzi wakahamishiwa kwa jirani. Rehema akahamishiwa kitandani kwake, na mimi nikaambiwa nisile naye sahani moja mpaka ijulikane.

Mimi nilijua pua yangu inaziba na kutoa magamba yenye damu, basi. Nilikwenda hospitali na kadi yangu. Kuna nesi, Nduku, alinishughulikia kwanza kabla ya daktari. Aliweka bakuli la chuma chini akanitazama.

"Mama, hakuna mtu amekuambia?"

Nikamuuliza kuniambia nini. Akaenda kufunga mlango. Ishaka, pua yangu inanuka. Inanuka kwa mtu aliyekaa kiti cha pili na cha tatu, ila mimi mwenyewe sisikii, maana ugonjwa wenyewe huanza kwa kuua kunusa. Ngozi ya ndani imekonda na kukauka, yale magamba yanaozea mle. Nduku alisema wao wameshazoea, katika ugonjwa huu mgonjwa ndiye hujua mwisho.

Nimekaa na neno hilo tangu mwezi wa kumi na moja. Nimekumbuka nani alihama mkeka kwenye maulidi. Nimekumbuka kila kifurushi chako kina udi na mafuta mazuri, na mimi nikiwaonyesha wenzangu kwamba mume ananipenda.

Nakuuliza, ulijua?

Nilihamia huku ili niwe karibu na hospitali. Mamako akasema niende lakini mtoto abaki. Mwandikie anipe mtoto wangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Ni mimi mkeo,
Mama Rehema


Maskati,
10 Mei 1989

Mke wangu mpenzi, Mama Rehema,

Waaleikum salaam. Barua yako ilinifikia katika Ramadhani nikaisoma baada ya kufuturu, sikuweza kula tena. Idi ilikuwa juzi hapa, ndipo nimepata nafasi. Mimi ni mzima. Huyu mzee ninayemwendesha ananiita Ishaka Mombasa, sasa hata sokoni wananiita hivyo, kama kwamba Mombasa ndiye baba aliyenizaa. Gari ni jipya na barabara hazina shimo hata moja, utadhani unasukumwa juu ya mafuta.

Umeniuliza kama nilijua. Nilijua. Ilianza ulipokuwa na mimba ya Rehema, nikadhani ni mimba, itapita. Haikupita. Kisha ningesemaje? Kuna maneno hayatoki kinywani mwa mtu kumwambia mkewe. Ule udi nilidhani nakusitiri. Nisamehe kama nilikosea.

Tibiwa, inshallah utapona. Kuhusu mtoto, vuta subira. Mama ana hofu, na wewe unajua alizika wawili kabla yangu. Nitamwandikia.

Nakuletea picha niliyopigwa nikiwa na gari. Mwonyeshe Rehema.

Mumeo,
Baba Rehema


Changamwe,
20 Agosti 1989

Kwa mume wangu Ishaka,

Assalaam aleikum. U hali gani? Natumai joto limepungua huko. Shangazi anakusalimu, anauliza huyo mzee wako kama hataki mke wa pili mwenye ushungi mweupe na magoti mabovu. Hapa kwetu ni heri, chakula kipo.

Picha sikumwonyesha Rehema kwa sababu simkaribii. Nikienda Mtongwe naletewa kiti uani, naye ananiamkia akiwa mlangoni, mkono wa mamako u begani mwake. Amefundishwa asisogee. Ni mtiifu sana, huyo mtoto.

Nikwambie dawa. Asubuhi na jioni nachemsha maji, natia chumvi na magadi, yakipoa nayapitisha puani kwa bomba la mpira, yaingie upande huu yatoke upande ule. Mwanzo nilidhani nakufa maji katika karai. Wagonjwa tumegawanywa makundi, wengine wanaosha tu, wengine wanaosha na kupewa matone ya glisarini. Mimi niliangukia kundi la kuosha tu. Nilimwomba Nduku anibadilishe, akasema hana uwezo huo, makundi yamepangwa kwa bahati nasibu, na wakianza kuhurumia mmoja mmoja hawatajua nini kinachoponya. Nikakubali. Siku hizi nakubali mambo upesi. Mwezi uliopita zamu zilibadilishwa, kundi langu nalo lilianza kupewa matone, na magamba yamekuwa machache. Nduku ananinusa kila nikienda, anaandika namba. Wiki hii aliniambia, "Leo ningeweza kukaa nawe nikala." Kunusa kwangu mimi, daktari anasema pengine hakutarudi.

Nilidhani siku nitakayoambiwa maneno kama hayo nitalia. Nilirudi nyumbani nikakosha vyombo.

Sasa sikiliza habari ya Mtongwe. Agneta na wenzake walimaliza nyumba zote, wakawaita watu shuleni wawape majibu. Nikaenda, nikakaa nyuma. Alieleza homa inayotokana na maziwa mabichi, ile inayotesa mtu viungo miezi na miezi. Akaeleza kichaa cha mbwa, na nyama ya mnyama aliyejifia, na wale inzi. Wanaume walikuwa wanabishana kuhusu maziwa, yakichemshwa si maziwa tena, na kadhalika. Mamako akasimama kwa shida, akauliza mbele ya wote, na pua inayonuka je, inatoka kwa mbuzi?

Agneta akasema, "Hapana, mama. Haitoki kwa mbuzi na haimshiki mtoto. Ni ugonjwa wa mtu na pua yake."

"Na siku ile nilipokuuliza, mbona hukusema?"

"Sikuruhusiwa, mama."

"Hukuruhusiwa," mamako akasema, kisha akakaa. Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Yeye hakucheka. Tulipotoka alinishika mkono, mara ya kwanza tangu siku ile, akaniambia amesikia, lakini mtoto ni wa Ishaka, na Ishaka akisema nimchukue nitamchukua.

Kwa hiyo hakuna hofu iliyobaki, limebaki neno lako tu. Liandike upesi.

Mkeo,
Mama Rehema


Maskati,
15 Novemba 1989

Mama Rehema,

Salaam nyingi. Niwie radhi kwa kuchelewa, tulipelekwa Salala na mzee na huko hakuna wa kunipelekea barua posta. Afya yangu ni nzuri. Nimefurahi sana kusikia habari ya pua.

Nimemwandikia Mama mara mbili. Amekataa. Nimemsihi kwa kila neno ninalolijua na bado hataki, unamjua Mama akishika jambo. Mimi niko mbali, siwezi kumlazimisha mzazi kwa karatasi.

Naona lililo jema ni wewe kurudi Mtongwe. Ukirudi utakuwa na mtoto na nyumba yako, na maneno ya watu yatakwisha, maana mke wa mtu kukaa Changamwe muda wote huo na mume hayupo, watu husema. Hospitali unaweza kwenda ukitokea Likoni.

Nitarudi mwakani au mwaka wa pili yake, inshallah.

Mumeo,
Baba Rehema


Changamwe,
28 Januari 1990

Ishaka,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima. Sisi tu wazima. Nasema sisi kwa sababu Rehema yuko hapa, amekaa chini ya meza anamkatia Shangazi mabamia kwa kisu kisichokata.

Nilipopata barua yako nilikaa nayo wiki kadhaa, kisha nikaenda Mtongwe kufanya ulivyosema. Nilibeba na nguo zangu. Nilimwambia mamako nimerudi, kwa kuwa amekataa kunipa mtoto basi nitakaa naye hapa. Alikuwa anapepeta mchele. Akauliza nani kakataa.

Nikamwambia, "Wewe, mama. Ishaka amekusihi mara mbili."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Ishaka kaniandikia nimshike mtoto. Kasema ukimpata hutarudi tena, mtoto ndiye kamba. Nikadhani mmeelewana." Akaniambia yeye ni mama pia, alimshika mjukuu wake mwanzo kwa kuogopa maradhi, na hilo hajutii, lakini tangu siku ile ya shuleni alikuwa anashika kwa ajili yako, na mikono imemchoka. Aliingia ndani mwenyewe akamtoa Rehema, akamfunga ushungi. Rehema akauliza anaruhusiwa kusogea? Mamako akamwambia nenda.

Sikukasirika. Nangoja hasira ije, nayo haiji. Ulininyamazia pua miaka, na hilo nimekusamehe, wallahi, kwa sababu naona hata mimi pengine ningenyamaza. Hili la kamba sijui nilitie wapi. Nalizungusha tu. Nikikosha vyombo liko pale.

Mtongwe sirudi. Nimepata kibarua cha kufua mashuka hapa hapa Port Reitz, na Shangazi anabaki na mtoto. Nilimwuliza kadhi pia. Amesema mtoto wa kike wa umri huu hukaa kwa mamake, na baba hutunza. Sikumwambia jina lako.

Mamako hana ubaya na mimi wala mimi naye. Ila vitu vilivyomo ndani ya sanduku lako amesema hawezi kuvigusa bila ruhusa yako, na hapo sitamlaumu. Kwa hiyo ninavyohitaji bado ni hivi, vingine umwandikie avitoe, vingine utume mwenyewe:

Kadi ya kliniki ya Rehema yenye chanjo zake. Iko ndani ya sanduku, kwenye bahasha ya kaki.

Cheti chake cha kuzaliwa. Kiko humo humo. Chekechea hawampokei bila hicho.

Viatu vyake vyekundu, kama havijambana. Kama vimembana asipewe mtu mwingine, nitavibadilisha.

Glisarini, chupa mbili kubwa. Utafiti umekwisha na hospitali hawatoi tena ya bure, nami nikiacha matone magamba yatarudi.

Bomba la mpira jipya. Langu limepasuka.

Neno lako, kama unataka mke au hutaki. Uliandike kwa mkono wako na uniletee mimi, si kupitia kwa mamako.

Na ule mto mdogo wa sufi aliokuwa akilalia kitandani kwa bibi yake. Tuliusahau siku ile. Rehema halali bila huo, huamka akinusa godoro huku na huku akiutafuta. Mwambie mamako ausitiri ndani ya mfuko, na usifuliwe.

Mama Rehema