Kachaguliwa Nyekundu

Carrow Falls, Ohio
Jumapili, 23 Juni 1996

Corinne kachaguliwa timu Nyekundu! Dada Lorna, nimeliandika hilo kabla hata ya kukusalimu kwa sababu ndilo jambo tamu nililo nalo wiki hii, na nilitaka likufikie likiwa bado na moto. Wasichana sitini na kitu walikuja kwenye mchujo wa mpira wa miguu, wamebandikwa namba mgongoni kama ndama wa maonyesho, na mwanangu akawa miongoni mwa kumi na sita waliotakiwa. Msomee Baba mstari huo mara mbili, upande wa lile sikio lake linalosikia.

Sasa nikusalimu kama inavyostahili. Hujambo, dada yangu? Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Baba naye anakula, au anasukuma sahani na kusema chumvi hakuna? Sisi huku hatujambo, ila tumechoka. Dwight, mume wangu, kazini wamemhamishia upande wa kupakia mizigo, na jioni akikaa kwenye kiti mpaka nimvute mkono ndipo anyanyuke. Mimi ni yuleyule wa kaunta ya keki pale supamaketi. Wateja bado wanasema hakuna anayeandika jina juu ya keki kama Noreen, nami siwabishii. Mwandiko wa barua hii ukiuona umepinda, ujue ni mkono uleule, basi tu leo umekataa kazi.

Katika barua yako ya Pasaka uliniuliza kama hizi timu za kusafiri zina maana yoyote, hasa kwa mtoto aliyewekwa timu ya chini. Uliuliza kwa upole, lakini nilikusikia. Ukasema watoto wa huko kwenu wanacheza nyuma ya kanisa na kurudi nyumbani kwa miguu, na wanacheka vilevile. Sikukujibu. Majivuno tu yalinizuia.

Ngoja nikueleze tulivyoanza, hili sikuwahi kukuambia. Klabu yetu haisemi timu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wanasema watoto wataumia moyo. Kwa hiyo wanaziita kwa rangi za bendera: Nyekundu, Nyeupe, Bluu. Miaka miwili iliyopita walipopiga simu kusema Corinne yuko Bluu, mimi nikapiga yowe hadi jirani akachungulia. Wewe mwenyewe niambie, kwenye maonyesho ya kaunti utepe wa bluu anapewa nani? Si mshindi? Mahindi ya Baba yalipopata bluu tulilala na ule utepe. Basi nikaoka keki ya tabaka tatu, nikaichora utepe mkubwa wa bluu na jina la Corinne katikati, nikaibeba kwenye mkutano wa wazazi. Gretchen Vollmer, ambaye binti yake ni Nyekundu tangu ana miaka minane, alikata kipande, akala, akanishika bega. Akaniambia, "Noreen, mpenzi, keki yako tamu kweli. Ila Bluu ndio wale wanaoanza kujifunza." Nikaitikia kwa kichwa kama niliyejua siku zote, nikaendelea kugawa vipande. Hakuna mama mwingine aliyeleta kitu, nakuambia, na sahani ilirudi tupu.

Miaka miwili tumekuwa Bluu, Lorna. Jumamosi zangu zote zimeishia barabarani. Tunaamka kabla ya jogoo, tunakwenda Toledo, tunakwenda Findlay, tunakwenda vijiji ambavyo hata Dwight havijui, na Dwight amezaliwa huku. Tunakwenda mbali kiasi hicho kucheza na timu ya chini ya klabu nyingine, ambayo nayo imetoka mbali. Huwa nawatazama kina mama wa upande wa pili, wamejifunika mablanketi, nyuso zao kama zangu, najiuliza kwa nini hatukukutana katikati ya njia tukaokoa petroli. Habari ya ada siitaji, Dwight anaitaja vya kutosha kwa sisi wawili. Na kocha anabadilika kila msimu. Wa mwaka jana alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyewaita watoto wote "wewe bwana." Wa mwaka huu ana roho nzuri, lakini Nyeupe ikipungukiwa mchezaji inakuja kumkopa wa kwetu aliye bora, na sisi tunabaki kucheza pungufu.

Siku moja Toledo, mvua ya barafu, tulifika na wasichana wanane. Corinne akawekwa golini, yeye ambaye hata mlango wa friji hakumbuki kuufunga. Yaliingia mabao tisa. Yalipofika sita nilijifanya nimesahau mwavuli, nikaenda kukaa garini. Niliporudi, nikakuta wenzake wanamwimbia. Yule mrefu anayecheza beki, Missy Tuttle, alikuwa anapiga kelele, "Bata, ruka basi, una mbawa za nini?" na mwanangu huku amelowa hadi soksi anacheka mpaka anashika mlingoti. Njiani hakuna aliyelia. Walikula mikate yangu yote wakalala wamelaliana kama vifaranga, na gari zima likanuka viatu vya njumu.

Lakini pia nisiseme uongo. Mtoto yule ambaye alikuwa hawezi kuomba chumvi mezani, sasa anapanga wenzake ukuta kwa sauti. Mguu wa kushoto amejifunza. Refa mmoja wa Findlay aliniambia kwa mdomo wake kwamba namba kumi na nne anasoma mchezo, na namba kumi na nne ni wangu. Nilimpa keki.

Basi Jumapili iliyopita, tunaosha vyombo, simu ikalia. Ni Bwana Hatcher, kocha wa Nyekundu mwenyewe. Akasema wanamtaka Corinne. Akasema wazi, hakuficha, kwamba ataanzia benchi, pengine msimu mzima, lakini atafanya mazoezi na walio bora. Kisha akaongeza kwamba bila yeye Bluu watabaki kumi, na klabu haiandikishi timu ya watu kumi, kwa hiyo hao waliobaki watarudi ligi ya mji. Akaniuliza kama tunahitaji siku chache za kufikiri. Nikamwambia hatuhitaji hata dakika. Nikasema ndiyo.

Corinne alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mpira ukutani. Sikumwita. Nilimpigia kwanza mama yake Dwight, kisha Gretchen, na kesho yake kazini kila aliyenunua mkate aliondoka na habari yangu. Mtoto nilimwambia jioni ya pili, nimeshaagiza koti jekundu lenye jina lake. Alikuwa anakula nafaka zake na maziwa. Aliweka kijiko chini akauliza Bluu watabaki wangapi. Nikamwambia.

Akasema, "Basi siendi."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Nikamwambia watu wanalilia nafasi hiyo. Akasema, "Wawape wanaoililia. Kule nitakaa benchi tu, Mama. Huku nikikosa pasi Missy ananiita bata, halafu ananipa tena. Na nikiondoka, Missy hana timu."

Nikamgeukia Dwight anisaidie. Dwight akapangusa mdomo akaniuliza, "Kwani Hatcher alimtaka nani, yeye au wewe?" Nikamwambia aoshe sahani yake.

Sasa, dada, nakuambia wewe tu, na hili usimsomee Baba. Bwana Hatcher aliposema Bluu itakufa, moyo wangu ulifurahi. Wasichana kumi ambao nimewalisha miaka miwili, najua nani hali siagi na nani hutapika garini, nami nikafurahi. Niliona sitaendesha tena gari kwa ajili ya timu inayofungwa. Niliona nimeweka kiti changu karibu na cha Gretchen, na ananigeukia kuniuliza wangu ni yupi. Mtoto sikumwona kabisa. Nilikuwa tayari akae benchi mwaka mzima kwa sababu mimi nilitaka kukaa pazuri. Alipokuwa anazungumza pale mezani ndipo nilipolijua, na niliona aibu, Lorna, mbele ya mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye maziwa mdomoni.

Nilimpigia Bwana Hatcher Jumatano. Hakukasirika, ila alisema mwakani huenda wasimwite tena. Nikasema nimeelewa. Koti nimelirudisha dukani, wamelikataa kwa sababu lina jina, basi liko kabatini. Gretchen alikuja kaunta Alhamisi kununua maandazi. Akaniambia, "Noreen, hakuna mtu anayekataa Nyekundu." Nikamwambia, "Yupo. Ni wangu." Nikamfungia maandazi yake vizuri, nikamwongezea na moja.

Ulitaka jibu kama ina maana. Kwa mpira wenyewe, kama jirani yako akikuuliza, mwambie amwache mwanawe acheze nyuma ya kanisa. Mimi siwezi tena kufuata ushauri huo. Nina mwaka mwingine wa Toledo, na usidhani nimefurahi. Nimechoka hata kabla hatujaanza. Ila aliitwa Nyekundu. Hilo lilitokea, nami nitalisema mpaka nizikwe.

Msalimie Baba sana, mwambie mjukuu wake anambusu na anauliza kama bado ana ile filimbi yake, aje nayo uwanjani. Wasalimie shemeji Roy na watoto, na majirani wanaonikumbuka. Dwight anakusalimu, amelala kitini, lakini angekuwa macho angekusalimu. Mechi ya kwanza ya Bluu safari hii ni hapahapa nyumbani, uwanja ulio nyuma ya kituo cha zimamoto, na msitegemee ushindi. Nitapika. Njooni wote, na Baba mumlete hata kama atagoma: ni Jumamosi, tarehe saba Septemba, saa nne asubuhi.

Mdogo wako,
Noreen